Mkaa wa Mwalimu Punda

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mtungi, tone baada ya tone!

Haya, tulieni basi, leo sina nguvu za kupiga kelele. Hapo kale wanyama walikuwa na shule, na mwalimu wao alikuwa Punda. Maji yalikuwa ya bwawani, mbali, tena ya matope. Punda akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi, mgongo umechubuka.

Mtungi wake aliutoboa chini, akautia changarawe, mchanga na mkaa uliopondwa. "Maji yapite humu kwanza," alifundisha, "kisha tuyachemshe. Yakitakata tu, bado si salama."

"Ndiyo, Mwalimu!" wakaitikia Ngedere, Pimbi na Kicheche. Wapi! Masikio yao yalikuwa kwenye kengele.

Siku moja Kihongwe, mwanawe Punda, alikuwa hoi kwa kuhara. Maji safi yalibaki chungu kimoja tu. "Hayo ni ya mgonjwa, myalinde," Punda akasema, akajikokota tena bwawani.

Sasa, kesho yake shule ilitarajia mgeni. Na shule ile, mgeni akija, kila kitu lazima kisuguliwe.

"Mtungi una masizi!" akasema Ngedere.

"Aibu gani hii!" akasema Pimbi.

"Tuuoshe!" akasema Kicheche.

Wakamwaga mkaa, wakamwaga mchanga, wakamwaga changarawe. Wakausuuza mtungi kwa maji ya kile chungu cha mgonjwa, yote. Ukang'aa kweli.

Punda akarudi na maji ya bwawa. Akatazama mtungi, akatazama chungu, akakaa chini. Hata kukasirika alishindwa.

"Mwalimu, tumeusafisha!"

"Nimeona, wanangu. Na Kihongwe atakunywa nini?"

Ndani Kihongwe akaita, "Mama, maji." Akaita tena, "Mama, maji." Mara ya tatu sauti haikutoka vizuri.

Ngedere akaanza kulia huku akiokota mkaa. Kicheche akaosha mchanga kwa maji ya bwawa, Pimbi akaleta kuni. Punda akawaelekeza upya, polepole. Safari hii hakuna aliyeitikia, walitazama tu. Wakachuja, wakachemsha, wakapoza.

Jua likizama, Kihongwe akapewa kata moja. Akanywa nusu, akairudisha.

"Hii ya mama," akasema. "Yeye ndiye aliyekwenda bwawani."

Basi, chujeni, chemsheni, na msimwage jasho la mtu. Hadithi yangu imedondoka tone la mwisho. Na wewe uliyenawa miguu kwa maji ya kunywa, nimekuona!