Kandili Kwenye Kioo cha Simu

Wapendwa, leo wewe unayejificha na simu nyuma ya kiti usiizime. Mfano wangu uko humo humo.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyetengeneza apu ya kusaidia wajawazito. Mama akishikwa na uchungu anabonyeza picha moja tu, na bajaji iliyo karibu inakuja kumpeleka hospitali. Picha yenyewe ilikuwa kandili nyekundu. Aliichora mwenyewe, vibaya kweli. Mama yake alipoiona alicheka, "Mwanangu, hii ni kandili au chupa ya chai?" Lakini mtaa mzima uliijua. Hata wasiojua kusoma walielekezana: bonyeza kandili.

Apu ikapata jina, na wafadhili wakasema watakuja kuiona. Basi kijana akaanza kuionea aibu kandili yake. Akamtafuta binti mmoja, fundi wa nembo, akamwambia anataka sura mpya kabisa. Binti akachora mistari miwili ya samawati, imepinda vizuri, inapendeza macho. Lakini moyoni hakutulia.

"Kaka, kabla hatujaizindua hii mpya, niwaonyeshe kwanza kina mama wanaotumia apu?"

"Wale watazoea tu. Wanaotakiwa kuipenda ni wageni."

"Na kandili je?"

"Itoe. Inatuaibisha."

Mmemsikia? Inatuaibisha!

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Nembo mpya ilikuwa imeshajiingiza yenyewe kwenye simu za watu. Kijana akapanda jukwaani, simu yake kaizima sauti, akaanza kuwaeleza wageni maana ya mstari wa kwanza.

Wakati huo huo, nyumbani kwake, mke wake akashikwa na uchungu kabla ya siku zake za kujifungua. Damu ikaanza kutoka. Alikuwa na mama mkwe wake tu. Yule mama akainyakua simu ya mkwewe, akatafuta kandili, akapekua kioo juu mpaka chini. Hakuna. "Kandili iko wapi, mwanangu?" Mkwewe alikuwa anaugulia tu. Mama akampigia mwanawe. Simu ikaita, ikaita, ikakatika. Mwanawe alikuwa amefika kwenye mstari wa pili, na watu wanampigia makofi.

Ungekuwa wewe, ungefanya nini? Mama alitoka nje peku akapiga yowe. Jirani akaja mbio na simu yake kuukuu, kioo kimepasuka, imejaa picha za wajukuu hata haina nafasi ya kupokea kitu kipya. Ndani yake kandili ilikuwa bado ipo. Jirani akaibonyeza, na bajaji ikaja.

Kijana alifika hospitali amevaa fulana yenye nembo mpya kifuani. Mke na mtoto walikuwa wameponea chupuchupu. Akataka kumkumbatia mama yake, mama akamzuia kwa mkono.

"Mwanangu, nani amezima taa?"

Sasa nije kwetu sisi, na msininunie. Pale nje kuna kibao kipya cha kanisa, kimefunikwa shuka, tumepanga kukifunua baada ya ibada. Ni kizuri, sikatai. Lakini yule mjane wa nyuma ya soko, aliyezoea kuingia hapa bila kubisha hodi, juzi alikuta geti jipya na mlinzi akimuuliza ana miadi na nani. Akageuka. Jana nimemkuta kwake, jiko limepoa, anaumwa. Akaniambia, "Mchungaji, nilidhani mmehama."

Tumehama, wapendwa? Tuko hapa hapa, tumependeza, na aliyetuhitaji ametutafuta akatukosa. Inaniuma, na ninyi iwaume.

Shuka libaki pale pale. Leo hatufunui kibao. Tukitoka hapa tunakwenda kwa mama yule, sisi sote, tubishe hodi mlangoni kwake, tungoje tuone kama atatutambua.