Mizunguko ya Nzuki

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo kinachopendeza majini hakikujileta. Yuko mtu aliyepasua mbao na kugongomea misumari kwa jasho lake, kisha akasahaulika. Muema alifundishwa methali hii darasani, akaiandika vizuri, mwalimu akamwekea alama ya vyema. Lakini kuielewa, thubutu! Aliielewa akiwa na miaka arobaini na tisa, maji yakiwa yamekwisha kumwagika.

Muema alikuwa mpiga gitaa la solo katika bendi iliyotumbuiza kila Jumapili alasiri kwenye hoteli moja katikati ya jiji la Nairobi. Solo ndiyo inayolia juu, ile inayowafanya watu waache nyama choma mezani wakakimbilie kucheza. Mwenzake, Nzuki, alipiga gitaa la ridhimu, lile la kukwaruza chini kwa chini, ambalo wengi hawana habari kwamba lipo. Walitoka Mwingi pamoja wakiwa vijana, wakapanga chumba kimoja Kangemi na kula chungu kimoja, hadi Nzuki alipomwoa Mukai na kuhamia Uthiru. Miaka ishirini na miwili walisimama jukwaani bega kwa bega.

Walikuwa na desturi yao. Kila wimbo ulianzwa na Nzuki peke yake. Mapatano yalikuwa azungushe ridhimu mara nne, na baada ya mzunguko wa nne Muema aingie na solo. Naye alivyopenda kuingia! Alifumba macho, akarusha kichwa nyuma, wanawake wakapiga vigelegele. Wakati huo wote Nzuki alisimama kando ya ngoma, macho kayakaza kwenye vidole vya mwenzake. Muema aliamini kwamba ni kijicho, maskini ya Mungu.

Mwaka huo bendi ilipata nafasi ya kurekodi albamu yake ya kwanza. Siku moja, baada ya mazoezi katika chumba chao nyuma ya karakana ya seremala pale Kangemi, Mukai akiwa amewaletea chai, Nzuki alimsogelea Muema.

"Ndugu yangu," alisema, "ule wimbo niliomtungia Mukai, huo mmoja tu, niachie nipige solo. Wewe unishikie ridhimu."

Muema aliangua kicheko. "Mimi nikushikie ridhimu? Tangu lini punda akampanda mwenyewe? Ridhimu ni kukwangua ukoko, Nzuki. Hata mtoto wa chekechea anaweza."

Wenzao walicheka. Mukai aliinama akakusanya vikombe, ingawa vingine vilikuwa bado na chai.

"Sawa," Nzuki alisema polepole. "Basi mtafuteni huyo mtoto wa chekechea."

Alitia gitaa lake ndani ya mkoba wake, akafunga zipu, akaondoka na mkewe. Muema angeweza kumkimbilia; palikuwa hapo tu, hatua ishirini. Lakini kiburi kilimkalia miguuni. Kesho yake alimleta Kiarie, kijana mwenye vidole vyepesi kama cherehani.

Wiki mbili baadaye simu ya Muema ililia katikati ya mazoezi. Alikuwa Mukai. Hakupokea. Ililia tena, ikalia mara ya tatu.

"Wameanza kubembeleza," alimwambia Kiarie huku akiizima. "Waache wapoe kwanza."

Siku ya kurekodi ilifika. Studio ilikuwa Riruta, ghorofa ya pili. Kiarie alizungusha ridhimu mara nne barabara, kisha akageuza mdundo ili solo iingie, kama alivyoelekezwa. Muema alifumba macho, akaingia, akakuta wimbo umekwisha kumpita. Solo ilikuwa huku, ridhimu kule. Wakarudia mara ya pili, ya tano, ya tisa.

"Unanikimbia, wewe!" Muema alifoka.

"Mzee, mimi nahesabu nne, vile ulisema," Kiarie alijitetea, jasho likimtiririka. "Wewe ndiye hujafika."

Stacy, fundi wa mitambo, alivua hedifoni zake. Alikuwa amepewa rekodi za hotelini ili aizoee bendi kabla ya siku hiyo. "Mzee Muema, usikasirike. Hebu sikiza."

Alifungulia wimbo wa zamani, akawa anahesabu kwa vidole. Moja, mbili, tatu, nne. Ridhimu iliendelea kuzunguka bila papara. Tano. Sita. Hapo ndipo solo ilipoingia. Akaweka wimbo mwingine, ikawa mara saba.

"Nimesikiza nyimbo kumi na moja," Stacy alisema. "Hakuna hata mmoja wewe uliingia kwa wakati. Huyu wa ridhimu alikuwa anakungoja, halafu anawaleta wengine wote kwako. Nilidhani unajua."

Muema aliketi juu ya sanduku la spika. Sasa aliyaelewa yale macho yaliyotazama vidole vyake miaka ishirini na miwili. Aliona haya hadi masikio yakawaka. Alichukua gitaa lake, akaenda Uthiru bila kumuaga mtu.

Mukai alimfungulia mlango.

"Nilikupigia siku ile, shemeji," alisema. "Alikuwa ameanguka bafuni. Nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kumbeba."

Nzuki alikuwa ameketi karibu na dirisha. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wa kushoto. Mkono ule, wenyewe wa kubana nyuzi, ulikuwa umelazwa mapajani juu ya taulo. Muema alipiga magoti mbele yake, akalia kama mtoto.

"Nisamehe, ndugu yangu. Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinishika. Mbona hukuniambia?"

Mdomo wa Nzuki ulikuwa umepinda, maneno yakitoka kwa taabu. "Ulikuwa... unafurahi," alisema.

Muema alifuta machozi, akalitoa gitaa. "Leo nakushikia ridhimu. Wimbo wa Mukai. Utaingia ukiwa tayari."

Alizungusha mara nne, akangoja. Akazungusha ya tano na ya sita. Vidole vya mkono wa kulia wa Nzuki vilichezacheza kwenye kiti. Vya kushoto havikutikisika. Ya nane. Ya kumi. Jikoni, Mukai aliacha kuosha vyombo. Vidole vya Muema vilianza kuwaka moto, maana hakuwahi kuibeba kazi hiyo hata siku moja, wala hakuthubutu kuacha. Alizidi kuzungusha, macho kayakaza kwenye mkono ule uliolala, akiingoja solo ambayo haingeingia tena. Hakika, ukiona vyaelea, vimeundwa.