Ukuta Uliovishwa Nguo

Turubai legevu humtaja fundi.

Wajukuu walipomsikia mama yao akimrushia kaka yao maneno hayo, walimwendea Bibi Nyamuri kuuliza yalikotoka. Bibi akajigamba kwamba hakuna methali Singida nzima ambayo yeye hajui chanzo chake. Kisha akakohoa kidogo, akaongeza kwamba zile asizozijua huwa anazitungia. "Lakini hii sikuitunga," akasema. "Methali hii ilianza hivi."

Wanawake wa kikundi cha alizeti walikuwa na ukumbi wa matofali ambao jua la alasiri liliugeuza tanuri. Wakakubaliana wauvishe nguo: vitambaa vyepesi vilivyowambwa kwenye fremu za mabomba kama ngozi ya ngoma, shubiri moja kutoka ukutani, ili jua liishie huko nje na hewa ipite katikati.

Kazi alipewa Fundi Njiku, mshonaji wa maturubai ya malori. Mama Sinda, mwenyekiti wao, akamwambia kwamba ukumbi ukitengenea, na zahanati ataivisha yeye. La sivyo, watamwita fundi wa Dodoma. Maneno hayo yalimkaa Njiku moyoni. Malori ya siku hizi yalikuja na bodi za bati, na sindano yake ilikuwa inaanza kushika kutu.

Sasa, kitambaa kina tabia za bwana harusi: siku ya kwanza kimenyooka, kikishazoea kinalegea. Ndiyo maana huvutwa mara mbili, watu wawili, mmoja kila upande. Kinavutwa, kinalazwa, kesho yake kinavutwa tena, ndipo pindo lifungwe. Njiku aliyajua hayo. Lakini sherehe ya kuuzindua ukumbi ilikuwa kesho na mikono imechoka, akafunga mapindo jioni ile ile. Alijiambia kwamba miaka yote hiyo hakuna dereva aliyewahi kumrudia na lawama. Hakuwaza kwamba turubai la lori huondoka na makosa yake. La ukutani hubaki nayo nyumbani.

Kesho yake wageni waliketi, ukuta unang'aa, Njiku kavaa koti. Mama Sinda alipoinuka kuhutubia, upepo wa Singida nao ukainuka. Pwata, pwata, pwata. Akapaza sauti; kitambaa nacho kikapaza. Mwishowe akaiacha hotuba, akamgeukia fundi.

"Njiku, ulivuta mara ya pili?"

"Nilivuta, mama. Leo alfajiri, mpaka kiuno kinauma. Huo ni upepo tu, unasalimia wageni."

"Upande wa pili alishika nani?"

Njiku akaokota jina la kwanza lililomjia. "Shemeji yangu, Ntandu."

Ntandu, kaka wa mkewe, ndiye dereva aliyewaleta wageni kutoka Manyoni. Alikuwa ameegemea gari lake, anatafuna karanga. Akaacha kutafuna.

"Shemeji," akauliza taratibu, "alfajiri mimi nilikuwa Manyoni. Nilivuta kwa simu?"

Watu wakacheka hadi viti vikalia. Njiku akakitazama kitambaa kana kwamba kingemtetea. Kikapiga pwata nyingine.

Mama Sinda hakucheka. "Zahanati ina wagonjwa, na wagonjwa wanataka kulala," akasema. "Tutamwita wa Dodoma. Na shemeji yako umemsumbua bure, Njiku, hatukuhitaji ushahidi wake. Turubai legevu humtaja fundi."