Usubi, Nyani na Mapera ya Pangoni

Jamani, niwape kisa?
— Tupe, masikio tumeyafungua!
Kina utamu, kina uchungu.
— Vimimine vyote!

Basi. Mwaka mmoja mvua ilikataa kunyesha, kila kitu kikakauka isipokuwa mipera ya kilimani. Nyani akawahi. Akachuma mapera yote yangali mabichi, akayarundika pangoni, na kila moja akalichoma jino. Hili, ka! Akalitupa ndani. Hili, ka! Akalitupa ndani.

"Lenye alama ya jino langu ni langu," akatangaza.

Bi Usubi, yule mdudu mdogo anayezungukia ndizi zilizoiva, alikuwa na watoto wachanga. Hawakuwa na meno, naye hakuwa na meno. Kila alipowatazama aliwaona wakizidi kunywea, na ile hali yao ya kutolia ilimtisha kuliko kilio. Akaruka mpaka pangoni, ziii!

"Hodi, Bwana Nyani. Naomba pera moja tu, wanangu wanakufa."

Nyani akacheka mpaka wanyama wakaja kutazama. Alikuwepo Bibi Kobe, alikuwepo Digidigi, wote matumbo matupu.

"Utalila kwa meno gani? Pera gumu ni la mwenye meno."

"Na laini, Bwana?"

"Laini? Mimi na laini wapi na wapi! Likiwemo humu laini, lichukueni."

"Mmesikia?" Usubi akawauliza wenzake.

"Tumesikia," wakajibu.

"Basi niruhusu niyatembelee tu, ninuse."

"Nusa mpaka pua ikuume!"

Usubi akaingia. Miguuni mwake walikaa akina Chachu, wadogo hata jicho haliwaoni, walioishi juu ya maganda ya matunda tangu zamani. Akawanong'oneza, "Ndugu zangu, mtaweza?"

"Hatuna meno," wakasema akina Chachu. "Tuna mate tu. Nyama ya tunda imeshikana kwa gundi yake, na mate yetu huiyeyusha ile gundi. Lakini ganda hili gumu, tutapita wapi?"

Usubi akaona tundu la jino la Nyani. Akatua hapo, akapangusa miguu, twi twi. Pera la pili, tundu lingine, twi twi. Alichoka, lakini akiwakumbuka wanawe, anatua tena, twi twi.

Akina Chachu wakala, wakazaana, wakatema mate. Gundi ikaachia. Siku zikapita, harufu tamu ikaanza kutoka pangoni. Nyani akaingia kwa furaha, akashika pera. Pwacha! Akashika jingine. Pwacha! Kisha rundo zima likajilaza, maji yake yakatiririka nje, choro choro choro.

"Wezi!" akapiga kelele. "Nani ameyatafuna?"

"Hakuna aliyetafuna, mwanangu," Bibi Kobe akamwambia. "Yamelainika. Na wewe ulisema nini?"

Wanyama wakainama, wakanywa. Usubi akawabeba wanawe mmoja mmoja mpaka kwenye utamu ule, wakaanza kucheza tena. Alipogeuka alimwona Nyani amekaa pembeni peke yake, mikono inanata. Ndipo akatambua jambo: Nyani alichoma jino mapera yote, ila hakuna hata moja alilomeza. Mbavu zake zilionekana kama za wengine. Alikuwa akiyalinda huku njaa inamla.

Usubi angeweza kucheka. Hakucheka.

"Lamba vidole, Bwana Nyani," akasema.

Nyani akalamba. Kisha akasogea, akainama katikati ya Kobe na Digidigi, akanywa.

Kisa changu kimefika, nakitua chini.
— Kipumzike, na wewe upumzike!

Na funzo lake, watoto, lishikeni: ukitaka kuingia kwa watu, osha miguu kwanza, maana uchafu wa miguuni haujawahi kumsaidia mtu, isipokuwa Usubi na wanawe!