Mapipa ya Gesche

Hapo zamani, na mwenye usingizi aondoke sasa maana mwishoni nitadai jibu, wafanyabiashara wa miji ya kaskazini mwa Ulaya walichoka kunyanyaswa na wafalme. Wakaungana. Wakaapa: akiguswa mmoja, tumeguswa sote, na mji utakaovunja kiapo tutautenga.

Basi mfalme mmoja wa kisiwani akamfunga Detmar, mfanyabiashara kijana, kwa kugomea ushuru mpya. Muungano ukasema: nafaka haivuki mpaka aachiwe. Mfalme akajibu, "Mkate ukiisha, nitamfungua. Mkiingiza nafaka kwa siri, nitajua kiapo chenu kimevunjika na siwaogopi tena: namnyonga."

Njaa ikaingia, mfalme akaanza kulegea. Lakini Gesche, mama yake Detmar, alikuwa na binti aliyeolewa huko huko kisiwani. Binti ananyonyesha, na maziwa yamekauka. Mtoto mmoja gerezani, mwingine anakufa njaa! Jamani, mama afanyeje? Samaki hawakukatazwa, kwa hiyo akajaza nafaka kwenye mapipa ya samaki wa chumvi.

Desturi ya bandari ilikuwa kufungua kila pipa kabla ya kulipiga muhuri. Volrad, mkaguzi, hakufungua hata moja. Gesche amdanganye? Haiwezekani! Akapiga muhuri.

Baharini, nahodha Timmo akatikisa pipa. Kimya, hakuna maji ya chumvi yanayochezacheza ndani. Akajua. Angeweza kugeuza meli, hakugeuza.

Binti akala, na mwanawe akanyonya. Askari wa mfalme wakanusa mkate. Detmar akanyongwa.

Muungano ukaja juu: mji wa Gesche umtaje mkosaji mmoja, afukuzwe kabla jua halijazama, la sivyo mji wote utatengwa. Watu wakajaa sokoni.

"Mimi nilidanganywa," akasema Volrad. "Timmo alijua!"

"Na kazi yako ilikuwa nini, wewe?" Timmo akamrukia. "Ungefungua pipa moja tu, tusingekuwa hapa! Mimi nimewaona watoto wa kule, mifupa mitupu. Nigeuze meli nikawaambie nini?"

Gesche hakulia. "Nilikuwa na wawili," akasema. "Nilidhani nitabaki nao wote. Nitajeni basi, lakini atakayenitaja anitazame machoni."

Wakatazama chini. Jua nalo halikungoja mtu.

Haya, mmekuwa mabubu? Je, nani alistahili kufukuzwa? Na wewe unayetaka kusema Gesche, ungekuwa yeye, ungemwacha yupi afe?