Mchanga wa Kalavati la Lihuli

Kalavati la Lihuli lilikuwa linakufa kwa chini, na watu wa mtaa walikuwa wanalitibu kwa juu.

Shimo la juu halizibwi kwa mchanga wa chini. Maneno hayo mmeyasikia leo asubuhi, fundi alipowakuta mnachota mchanga pembeni ya msingi ili mchanganye zege la msingi huo huo. Mkacheka, mkadhani ni tusi lake jipya, halafu mkaja kuuliza limetoka wapi. Si tusi, wala si lake. Methali hii ilianza hivi.

Lihuli ni kijito. Zamani mtu mzima alikivuka kwa kuruka, na akina mama walifulia hapo huku watoto wakikaa majini bila mtu kuwaogopea. Barabara ilipokuja, yalilazwa mabomba mawili makubwa ya zege, yakafukiwa, magari yakapita juu; hilo ndilo kalavati. Midomo ya mabomba ililala sawasawa na mchanga wa kijito, kama mkeka juu ya sakafu.

Kisha mji ukapanda kilimani. Palipokuwa na shamba pakawa na bati, palipokuwa na majani pakawa na sakafu. Mvua iliyokuwa ikinywewa na ardhi ikawa inashuka yote kwa pamoja. Kijito kikaanza kula kingo zake. Kikala migomba ya mzee Haule. Mwaka uliofuata kikala choo chake, kikaacha mlango umesimama peke yake ukingoni, umefungwa kwa komeo, kama vile kuna mtu ndani.

Nyumba ya mwisho kabla ya kalavati ilikuwa ya Kandida. Mumewe, Fokasi, alichimba mchanga kijitoni, mita chache tu chini ya mabomba. Mchanga wa Lihuli ulikuwa mkali, hauna udongo, na mafundi waliupenda. Lakini kila toroli lililopanda liliacha kitanda cha kijito kimeshuka kidogo. Mabomba yakabaki yananing'inia, yanamwaga maji kutoka kimo cha mtu, na maji yale yakianguka yalichimba yakirudi nyuma, kuelekea chini ya barabara.

Hayo Kandida hakuyajua mwanzoni. Yeye alijua sahani.

Alikuwa na sahani za harusi, za udongo mweupe, amezipanga kabatini zimeegemeana. Lori likipita barabarani, zililia. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, malori yanatikisa nyumba za watu kila mahali. Baadaye zikaanza kulia kwa gari dogo. Halafu kwa bajaji. Siku zilipolia kwa baiskeli ya muuza maziwa, Kandida aliacha kuosha vyombo, akasimama katikati ya chumba ameshika ukuta kwa mikono yote miwili, na ukuta ulikuwa unatetemeka kama ubavu wa ng'ombe aliyeguswa na nzi.

Barabarani nako, juu ya kalavati, palikuwa na shimo. Kila Jumamosi ya usafi watu walilijaza kifusi: matofali yaliyovunjika, mawe, majivu ya jikoni. Wiki haikuisha kabla halijameza vyote.

"Shimo hili lina minyoo," watu walisema. "Linakula, halinenepi."

Walicheka, wakaleta kifusi kingine. Hakuna aliyeuliza kile cha kwanza kimekwenda wapi.

Kandida alikuwa na mtoto mmoja, Skolastika, aliyeanza shule mwaka ule. Shule ilikuwa ng'ambo. Asubuhi moja mtoto aliruka pembeni ya lile shimo, ndala yake ya kijani ikachomoka na kutumbukia. Alirudi nyumbani analia, mguu mmoja mtupu. Jioni Fokasi alipotoka kazini, alikuwa na ndala ileile mkononi.

"Nimeokota ndala ya mwanao," alisema.

"Umeiokota wapi?"

"Kijitoni. Imetoka na maji pale kwenye mabomba."

"Imetoka ndani ya bomba?"

Fokasi akafikiri kidogo. "Hapana. Chini yake. Pana uwazi chini ya bomba, maji yanapita."

"Mtu anapita?"

"Mtu akiinama."

Alisema hivyo huku ananawa mikono, kama anayesema kesho kuna jua. Kandida alikaa chini. Kila siku mtoto wake alikuwa anatembea juu ya dari la chumba kisicho na sakafu, na baba yake alikuwa anafanya kazi mlangoni mwa chumba hicho.

Mwenyekiti wa mtaa wakati ule alikuwa Desideri Nchimbi. Hakuwa mtu mbaya, msimhukumu haraka. Mhandisi alikwisha kuja, akatazama, akasema dawa yake ianzie chini: wachimbaji waondoke, mawe yafungwe kwa waya na kupangwa mpaka kitanda cha kijito kipande tena, ndipo mabomba yalazwe upya. Kwa sasa barabara ifungwe, wasubiri mpaka mvua zipite. Desideri alimsikia. Lakini barabara ikifungwa, mashine ya kusaga inafungwa, soko linahama, na yeye ndiye atakayetukanwa. Akaitisha mkutano.

"Tungoje mpaka lini?" aliwauliza watu. "Tutamwaga zege wenyewe. Zege nene, lenye nondo, tulizibe shimo hili lisahau njaa. Saruji tumechanga. Mchanga tunao hapa hapa. Fokasi na wenzake watapandisha."

Watu wakapiga makofi. Kandida akasimama, amejifunga kanga kiunoni.

"Mwenyekiti, naomba kuuliza. Mchanga utachotwa wapi?"

"Pale kwako, mama Skola. Hata jasho halitawatoka."

"Pale ndipo mabomba yalipoegemea. Ndala ya mwanangu imepita chini ya barabara kama inapita sebuleni. Chini hapana kitu, mwenyekiti. Mkitoa na hicho kidogo kilichobaki, zege lenu litakaa juu ya nini?"

"Juu ya nondo!" alidakia Batista, mchimba mchanga mwenzake Fokasi, kijana mwenye mdomo. Watu wakacheka. "Shemeji, leo umeacha chungu, umekuwa mhandisi?"

"Chungu ndicho kilichonifundisha," Kandida akajibu. "Hakikai kwa sababu ya mfuniko. Kinakaa kwa sababu ya mafiga. Nyinyi mnataka kung'oa mafiga mkaniundie mfuniko. Shimo la juu halizibwi kwa mchanga wa chini."

Batista alishika tumbo kwa kicheko. "Haya, shangazi wa mithali huyo! Andikeni jamani, mtoto asije akapotea bila nasaha!"

Basi ikawa dhihaka ya mtaa. Mtu akiuza kuku anunue pumba za kuku, waliimba: shimo la juu halizibwi. Mlevi akikopa ili alipe deni la pombe, waliimba vilevile. Watoto wakaifanya wimbo wa kuruka kamba. Ndivyo maneno yale yalivyotembea kwanza, kwa miguu ya mzaha.

Nyumbani, Fokasi hakula.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema.

"Nimekuogopea, baba Skola."

"Mchanga huo ndio unaomsomesha mtoto."

"Na kalavati hilo ndilo analopitia kwenda kusoma."

Fokasi akatoka nje kunoa koleo. Kesho yake alishuka na koleo pamoja na wenzake, wakapandisha matoroli tangu asubuhi. Zege likamwagwa, likasawazishwa kwa ubao, likafunikwa magunia na kumwagiwa maji mpaka likakomaa. Lilipofunuliwa lilikuwa zuri kweli, laini kama baraza la msikiti. Desideri alilipita kwa viatu vyake vya Jumapili. Malori yakarudi.

Na sahani zikanyamaza.

Lori la kwanza lilipita, Kandida akatega sikio. Kimya. Likapita la pili, limejaa mahindi. Kimya. Jirani akamwambia, "Umeona? Sasa utalala." Kandida hakulala. Zamani barabara ilipotikisika, ardhi ilitikisika nayo, na nyumba ikapata habari. Sasa lori linapita na nyumba haina habari. Maana yake ni kwamba barabara haigusi tena ardhi. Aliwaza hivyo, akaogopa kuliko siku za makelele.

Tangu hapo alimpeleka Skolastika shule kwa kuzunguka juu, kwenye kivuko cha magogo. Wenzake mtoto walimcheka. Fokasi naye aliendelea kuchimba, na kwa kuwa shimo la mchanga wa zege lilikuwa limefunguka vizuri, aliingia zaidi, mpaka wakati wa jua kali alipumzika kwenye kivuli cha mabomba yenyewe.

"Hapo ndani kuna baridi tamu," alimwambia mkewe.

"Usiingie humo."

"Zege lile la juu lina nondo, mwanamke."

Mvua ya kwanza haikunyesha mtaani. Ilinyesha kilimani, mchana, wakati jua bado linawaka huku chini. Kandida alikuwa anaanua unga aliouanika, akaona kilima kimetoweka, mahali pake pamesimama ukuta mweusi. Akamkumbuka mtoto. Siku ile alikuwa na unga na maharage motoni, hakwenda kumchukua. Skolastika angerudi na wenzake, kwa njia fupi.

Alikimbia. Alipofika barabarani, maji yalikuwa yamefika pia. Hayakuja yakipanda polepole. Yalikuja kama ng'ombe waliofunguliwa zizini, ya kahawia, yamebeba magogo na bati la mtu. Mabomba yakajaa mara moja. Na kule ng'ambo, sare za shule zilikuwa zinashuka kilima zikikimbia, vitabu kichwani, zinakuja moja kwa moja kwenye zege lile laini.

"Rudini!" alipiga kelele. "Skola! Rudini!"

Hawakusikia. Kandida akavua kanga ya juu, akavuka kwa mbio mpaka mwisho wa zege, akaitanua kanga mikono miwili, akaziba njia. Watoto wakasimama, wanashangaa. Chini ya nyayo zake kulikuwa kunanguruma, si kama maji, bali kama tumbo.

Huku nyuma Fokasi alikuwa amekwisha kupanda ukingoni, yeye na Batista, wamelowa. Wako salama. Kandida aliwaona, akamshukuru Mungu. Halafu akaona Fokasi anageuka kutazama chini. Lundo la mchanga wa juma zima lilikuwa limerundikwa pembeni ya mabomba, na maji yalikuwa yanalilamba.

"Baba Skola! Acha!"

"Nachukua toroli na koleo tu!" alijibu, ameshaanza kushuka. "Ondoka barabarani, unatia watu hofu!"

Kandida alipiga hatua moja kumwendea. Watoto nao wakapiga hatua moja kumfuata, kwa sababu mtu mzima ameanza kuvuka. Skolastika alikuwa wa mbele. Basi Kandida akasimama. Hapo ndipo alipokuwa mtu mmoja kati ya wawili, mtoto huku na mume kule, na kanga yake haikufika kote. Aliwageukia watoto, akawasukuma nyuma kwa kifua mpaka nje ya zege, akilia jina la mumewe bila kumtazama.

Udongo wa chini ulitoka kwanza. Ulitoka wote, kwa sauti ya mtu anayevuta uji wa mwisho kwenye bakuli. Zege halikuanguka. Lilibaki limelala hewani, zuri, laini, halijashikwa na kitu, muda wa kutosha kila mtu kuliona. Kisha likakatika katikati na kushuka juu ya mabomba, juu ya toroli, juu ya lundo la mchanga lililobaki.

Batista alikuwa ukingoni amenyoosha mkono. Mkono ulirudi mtupu.

Kalavati la sasa, mnalolipita bila kulitazama, lilijengwa kuanzia chini. Mawe yalifungwa kwa waya na kupangwa kijitoni kama ngazi, ili maji yashuke kwa adabu. Desideri, ambaye hakuwa tena mwenyekiti, alibeba mawe begani siku zote za kazi ile, na hakuna aliyemwambia apumzike. Mchanga ulitoka mbali, kwa lori. Siku moja lori lilichelewa, kijana mmoja mgeni akachukua ndoo na kuanza kushuka kijitoni.

"Rudi," Batista alimwambia.

"Ni ndoo mbili tu, kaka. Tumalizie pale juu."

"Shimo la juu halizibwi kwa mchanga wa chini," alisema Batista.

Watu wote walikuwapo, na Kandida alikuwapo, amekaa na sufuria la makande ya mafundi. Hakuna aliyecheka. Kijana akaweka ndoo chini. Tangu siku ile maneno yale hayakuimbwa tena kwenye kamba.

Sasa mnajua yalikotoka. Yaligharimu barabara iliyokatika masika mawili. Yaligharimu mashine ya kusaga, ambayo haikufunguliwa tena. Nyumba mbili za ukingoni, ya Haule na ya Kandida. Kichanga cha binti Komba, kilichozaliwa kwenye machela wakati mama yake anazungushwa njia ya juu, na hakikulia. Sahani zote za harusi.

Na mtu mmoja, Fokasi, baba Skola. Alipatikana maji yalipopungua, chini ya kipande cha zege, amefunikwa mchanga aliouchimba mwenyewe.