Mto wa Uani kwa Mrutu

Kijiji kimoja cha milima ya Upare kilimkabidhi mtu maji yake. Aliitwa Mrutu, baba wa Niwaeli. Kila asubuhi alifungua ndiva, yaani bwawa la kijiji linalojaa usiku, akayaachia maji yateremke kwenye mfereji, na kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kuyaingiza shambani. Asiyekuwa na zamu aliziba mlango wake wa maji kwa tope na majani. Wa mwisho kabisa, huko chini, alikuwa mjane aitwaye Nakijwa, na yeye alipata kile tu ambacho wote walio juu yake walimwachia. Mrutu alisifika kwa uaminifu. Alisifika pia kwa kupenda kujua mambo. Kitu asichokijua kilimwasha kama upupu.

Mwaka mmoja, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, redio ilitangaza kwamba nchi mbili za mbali zimeanza kupigana. Hapakuwa na mtu kijijini aliyewahi kufika huko, wala aliyekuwa na ndugu huko. Lakini siku ya pili tu watu walikuwa wakilitaja daraja la huko kwa jina, na wakuu wa majeshi pia, kana kwamba wamechunga mbuzi pamoja. Wenye uwezo walijiwekea chumvi na mafuta ya taa. Wengine wote walihamia uani kwa Mrutu, maana redio yake ilisikika vizuri na mwenyewe hakuchoka kueleza.

Mrutu alichora vita chini kwa ncha ya jembe. Hapa milima, hapa mji, hapa mpaka. Maharage mekundu yakawa jeshi la upande mmoja, ya njano jeshi la upande wa pili, na kila taarifa ya habari ilipokwisha aliyasogeza, huku watu wazima wamechuchumaa wakibana pumzi. Lakini mto wa kule ulimsumbua. Mstari mkavu haukumwonyesha mtu yeyote kwa nini jeshi zima lishindwe kuvuka. Kwa hiyo alitoboa ukingo wa mfereji uliopita kando ya ua wake, tundu la vidole viwili tu, na maji yakaingia kwenye ramani yakatiririka. Watu walishangaa, wakampongeza. Vita vilipoenea, Mrutu aliongeza kijito, kisha ziwa, na kila alipoongeza alipanua tundu kidogo. Aliona migomba ya nyuma ya nyumba inanawiri, akafurahi, wala hakujiuliza.

Siku ya zamu yake Nakijwa alipata maji ya kulowesha nyayo tu. Akapanda kumwarifu Mrutu, na Mrutu akaahidi kuchunguza. Baada ya siku sita zamu ilirudi, na maji yakaja vilevile. Mahindi yalianza kukunja majani mchana. Mjane yule hakuwa na shamba jingine, na chakula cha mwaka mzima cha nyumba yake kilikuwa kimesimama pale kwenye mistari minane.

Mrutu alichunguza kwelikweli, sitamsingizia. Alitembea kutoka kwenye ndiva hadi nyumba ya mwisho iliyo juu ya kwake, akakuta maji yamejaa mfereji. Akatembea kutoka kwa Kisaka, jirani yake wa chini, hadi kwa Nakijwa, akakuta maji yamepungua. Mlango wa Kisaka ulikuwa umezibwa kwa tope lililokwisha kukauka. Hilo halikumtuliza hata kidogo. Kisaka alikuwa mshabiki wa maharage ya njano, na Mrutu alikuwa wa mekundu. Mtu anayeshangilia wenzake wakichomewa nyumba, alijiuliza Mrutu, atashindwaje kumwibia mjane? Kisaka mwenyewe alilalamika kwamba hata zamu yake ilikuja na maji kidogo. Mrutu aliuona huo ndio ujanja wenyewe. Akawaambia wenzake. Watu wakaanza kukaa mafungu mawili kuzunguka ramani, na kijana wa Kisaka akanyimwa salamu njiani.

Siku ya zamu yake ya tatu Nakijwa alipanda tena. Alifika wakati wa taarifa ya saa saba mchana, daraja likiwa karibu kuanguka, na hakuna aliyegeuka kumpisha. Alisimama nyuma yao akaitazama ramani kwa mara ya kwanza. Aliitazama kwa muda mrefu, kwa udadisi wa kweli, akiufuata mto kutoka ziwani hadi ulikoishia migombani. Ndipo akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

“Mto wako una maji mazuri, Baba Niwaeli. Umeyatoa wapi?”

Mrutu alifungua kinywa ajibu, maana alizoea kujibu. Macho yake yalipanda na mto, yakapita mji na mpaka, yakafika kwenye ukingo wa mfereji, kwenye tundu ambalo sasa lilitosha kupitisha kichwa cha mtoto. Aibu ilimshika mwili mzima. Alipiga magoti mbele ya watu wote, akaliziba kwa mikono yake, tope likimpanda hadi viwikoni, na redio ikaendelea kusema peke yake.

Maji yalimfikia Nakijwa alasiri ile. Mistari mitano ilipona. Mitatu ilikatwa ikapewa ng'ombe. Kwa Kisaka, Mrutu alikwenda siku hiyohiyo kuomba radhi, na ingawa ilikuwa nyumba ya pili tu, alisimama njiani mara nyingi.

Vita vile havikuisha, na watu waliendelea kuvisikiliza. Sisemi walikosea kusikiliza. Wanaokufa kule ni watu. Nauliza jambo moja tu, nalo jiulize ukifika kwako: huo mto uliouchimba uani ili uvione vita vizuri, leo unakunywa zamu ya nani ya maji?